Hewa nyembamba ya nyanda za juu ni hatari iliyofichika kwa mafundi wa umeme

Na MWANDISHI WETU

CHUKUA sakiti breka mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja siku moja. Moja ifunge katika ghala lililo karibu na bandari ya Mombasa, na ya pili uipeleke Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa macho hazina tofauti yoyote. Hata hivyo, ile ya Timboroa haina tena uwezo wote ulioandikwa kwenye kibati chake, na fundi atakayelifungua kabati lake huku umeme ukiwa ndani anakabiliwa na hatari ambayo mwenzake wa Mombasa hana.

Tofauti hiyo inaletwa na hewa.

Watu wengi hudhani kwamba kinachozuia umeme kutoroka ni mpira au plastiki iliyozungushiwa waya. Ukweli ni kwamba hewa ndiyo kizuizi kikubwa zaidi katika mfumo mzima wa umeme. Nyaya nyingi zinazoning'inia kutoka nguzo hadi nguzo hazikuvikwa chochote. Ndani ya makabati ya swichi za viwandani, vyuma vinavyobeba umeme mara nyingi huwa vitupu, vikitenganishwa na nafasi ya sentimita chache tu. Nafasi hiyo ikishindwa kazi yake, umeme huruka kutoka chuma hadi chuma na kuzua mwako ambao waliouona hawausahau, ikiwa walibaki na macho ya kuonea.

Mwako huo wa umeme si sawa na kupigwa na stima. Anayepigwa na stima ni lazima awe ameguswa na umeme kwa njia moja au nyingine. Anayeunguzwa na mwako huenda hakugusa kitu. Alikuwa amesimama hatua moja au mbili mbele ya kabati, hewa ikageuka kuwa njia ya umeme, na joto likamfikia papo hapo. Joto katika kiini cha mwako wa aina hii laweza kukaribia nyuzi 20,000 za selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba iliyo karibu huyeyuka na hata kugeuka mvuke, na ikigeuka mvuke hutanuka maelfu kwa maelfu ya mara kuliko ilivyokuwa ikiwa chuma. Hapo ndipo unapotokea mlipuko unaong'oa milango ya makabati, kupasua ngoma za masikio na kurusha matone ya chuma kilichoyeyuka. Mwanga wake nao hudhuru macho jinsi mwanga wa kuchomelea vyuma unavyofanya.

Kwa miaka mingi taaluma ya umeme iliwafundisha vijana kuogopa kupigwa na stima pekee. Ni mwaka wa 1982 ambapo mhandisi Mmarekani Ralph Lee alichapisha utafiti uliopima joto hili na umbali ambao laweza kumuunguza mtu. Taasisi ya wahandisi wa umeme ya IEEE ilitoa mwongozo wa kukokotoa ukali wa mwako mwaka wa 2002, kisha ikaufanyia marekebisho makubwa mwaka wa 2018. Kipimo kinachotumiwa ni kalori kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Kalori 1.2 zinatosha kuitoa ngozi malengelenge, yaani kuiunguza kwa kiwango cha pili, na kabati la kiwanda laweza kutoa mara kumi ya hizo au zaidi.

Sasa turejelee suala la mwinuko.

Mwaka wa 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika ili umeme uruke katika nafasi fulani hutegemea mambo mawili yakizidishwa pamoja: upana wa nafasi hiyo na shinikizo la hewa iliyomo. Katika usawa wa bahari, hewa iliyo kati ya vipande viwili vya chuma vilivyo bapa na laini huhimili takriban volti 3,000 kwa kila milimita. Chuma kikiwa na ncha kali, kiwango hicho hushuka. Ukipanda mlima, hewa hupungua. Katika mwinuko wa mita 1,000, uzito wa hewa ni kama asilimia 91 ya ule wa ufuoni. Ukifika mita 2,000 inabaki asilimia 82, na kwenye mita 3,000 asilimia 74. Uwezo wa hewa wa kuzuia umeme hushuka takriban kwa kadiri hiyo hiyo.

Ili kuelewa kwa nini, mfikirie mtu anayejaribu kukimbia katikati ya soko la Gikomba asubuhi ya siku ya mauzo. Kila baada ya hatua moja anamgonga mtu na kasi yake inaisha. Mtu huyo huyo akipita hapo usiku wa manane, atakimbia mbali na kwa kasi, na akimgonga mlinzi atamwangusha. Elektroni iliyo katika hewa nzito hugongana na chembe za hewa kabla haijapata kasi. Katika hewa nyembamba hupata nafasi ya kuchapuka, na inapoigonga chembe huipasua na kutoa elektroni nyingine. Hizo mbili huwa nne, nne huwa nane, na kufumba na kufumbua hewa imekuwa njia ya umeme.

Watengenezaji wa mitambo wanalijua hilo vyema. Viwango vya Tume ya Kimataifa ya Teknolojia ya Umeme, IEC, vinavyofuatwa katika nchi nyingi, huchukulia kwamba mitambo ya volti za juu, yaani inayozidi volti 1,000, itatumika mahali pasipozidi mita 1,000. Kwa vifaa vya volti za chini kama sakiti breka za majumbani na viwandani, kikomo cha kawaida ni mita 2,000. Kupita hapo, mnunuzi anapaswa kumweleza mtengenezaji mapema, ama afanye hesabu ya kupunguza uwezo ulioandikwa.

Tazama basi ramani ya Kenya. Kisumu, mji ambao wengi huuhesabu kuwa wa bondeni kwa sababu ya ziwa, uko zaidi ya mita 1,100. Nairobi inakaribia mita 1,800. Nakuru imepita hapo, Eldoret iko takriban mita 2,100 na Nyahururu zaidi ya mita 2,300. Ukiondoa Pwani na maeneo kame ya kaskazini na mashariki, sehemu kubwa ya viwanda vyetu, mashamba ya maua na viwanda vya majani chai imejengwa juu ya kikomo cha kwanza, na baadhi imevuka hata cha pili. Kile ambacho vitabu vya Ulaya hukitaja kama hali isiyo ya kawaida ndicho kawaida yetu.

Hesabu yenyewe haimshindi fundi aliyemaliza chuo. Chukua kabati la swichi la laini ya kilovolti 11, ambazo ni nyingi humu nchini. Kabati la kiwango cha kilovolti 12 hujaribiwa kwa kupigwa na wimbi la ghafla la kilovolti 75, mfano wa radi. Kulingana na kanuni za IEC, kwenye mwinuko wa mita 1,800 kinga yake ya nje inahitaji kuongezwa kwa takriban asilimia 10, yaani ihimili kama kilovolti 83 ikipimwa mahali pa chini. Kwenye mita 2,700 nyongeza hiyo hufika asilimia 23, nayo hesabu inakaribia kilovolti 92. Kwa hivyo mhandisi mwangalifu anayenunulia kiwanda cha nyanda za juu hutafuta kabati la ngazi inayofuata, lile la kilovolti 17.5 ambalo hujaribiwa kwa kilovolti 95. Bei hupanda, na hapo ndipo mvutano na mhasibu huanza.

Katika miradi mikubwa jambo hili halisahauliki. Laini ya umeme wa moja kwa moja ya kilovolti 400 kutoka Golmud hadi Lhasa nchini Uchina, iliyoanza kazi mwaka wa 2011, ilisanifiwa tangu mwanzo kwa hewa ya maeneo yaliyo juu ya mita 4,000. Vivyo hivyo, hakuna mhandisi ambaye angeijenga laini ya kilovolti 500 inayotoka Ethiopia hadi Suswa bila kuuliza kuhusu mwinuko. Ninavyoona mimi, hatari iko kwa wanunuzi wadogo. Kuna mwenye kinu cha kusaga mahindi, hoteli inayonunua jenereta iliyokwisha kutumika ng'ambo, shule inayoletewa paneli kuukuu kwa bei ya kutupa. Kibati cha maelezo huwa kimeng'oka, ama kimeandikwa lugha isiyosomeka hapa. Hakuna anayeuliza mashine hiyo ilikuwa ikitumika wapi kabla ya kuja.

Ni vyema kutaja wazi mambo ambayo mwinuko haufanyi, kwani uvumi katika taaluma hii ni mwingi. Kwanza, volti 240 za nyumbani au 415 za kiwandani haziwezi kuruka pengo linaloonekana kwa macho eti kwa sababu uko Limuru. Kwa volti hizo, mwako huanza kwa kitu kinachounganisha vyuma: spana iliyoponyoka, bisibisi iliyoteleza, panya aliyeingia kutafuta joto, mjusi, unyevu uliochanganyika na vumbi, au skrubu iliyolegea ikachoma mahali pake. Pili, milinganyo ya IEEE ya kukokotoa ukali wa joto haina mahali pa kuingiza mwinuko. Hivyo mtu asikuambie kwamba mwako wa Eldoret huunguza kwa asilimia fulani zaidi ya ule wa Mombasa.

Ubaya wa mwinuko uko kwingine. Ni rahisi zaidi mwako kuanza pale laini inapopigwa na wimbi la volti nyingi, na ni vigumu zaidi kuuzima ukishaanza.

Kuhusu kuanza, radi ndiyo adui mkuu. Maeneo ya magharibi mwa nchi, kuanzia Kisii hadi Kakamega na vilima vya Nandi, yanajulikana kwa radi nyingi. Radi ikipiga laini, hata mbali, husukuma wimbi la volti hadi ndani ya kabati la swichi. Mahali pa chini, kinga ya hewa ingekuwa na akiba ya kulihimili wimbi hilo. Juu mlimani akiba hiyo imekwisha kupunguzwa, na kama kinga ya radi iliyofungwa karibu na transfoma imekufa na haijabadilishwa, kinachobaki ni bahati. Pwani nayo isidhaniwe kuwa salama, kwani chumvi ya bahari huganda kwenye vikombe vya kauri vya nguzo na kuupa umeme njia ya kutambaa. Kila mahali pana lake.

Kuhusu kuzima, sakiti breka ya kawaida hukata umeme kwa kuinyoosha cheche, kuigawanya na kuipoza kwa hewa iliyo ndani yake. Hewa ikiwa nyembamba, upozaji hudorora. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutoa majedwali yanayoonyesha jinsi uwezo wa breka unavyoshuka kupita mita 2,000. Breka zinazozimia cheche ndani ya chupa isiyo na hewa, au ndani ya gesi iliyofungiwa, hazisumbuki hivyo kwa ndani. Lakini hata hizo, sehemu zake za nje zingali zimezungukwa na hewa ya mahali hapo, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani wamelimaliza tatizo.

Umeme wa jua umeongeza sura mpya. Mashamba ya maua, hospitali na viwanda vingi vimefunga paneli za sola zinazounganishwa hadi kufikia volti 1,000 za umeme wa moja kwa moja. Umeme wa kawaida wa Kenya hubadili mwelekeo na kupitia sifuri mara 100 kila sekunde, na kila unapofika sifuri cheche hupata nafasi ya kufa. Umeme wa sola hauna sifuri hiyo. Cheche ikianza huendelea kuwaka hadi kitu fulani kiikate, na katika hewa nyembamba kukatwa huko ni kugumu zaidi. Kutumia swichi ya umeme wa kawaida kwenye sola, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi ili kuokoa pesa, ni kosa popote pale. Katika nyanda za juu ni kosa maradufu.

Baridi ya huko huleta nafuu kidogo. Hewa nyembamba hupoza transfoma na mota vibaya, lakini kwa kuwa mji kama Nyahururu una baridi kuliko ufuoni, hasara hiyo kwa kiasi kikubwa hufidiwa. Transfoma ya mafuta inayopozwa kwa hewa ya kawaida hupunguziwa kiwango cha kupanda joto kwa nyuzi moja kwa kila mita 400 juu ya mita 1,000. Nafuu hii ihesabiwe kwenye joto tu. Baridi haimzuii radi.

Kwa wanaofanya kazi karibu na laini zenye umeme, kanuni za usalama kazini za Marekani zimeweka jedwali linalofaa kuigwa. Umbali wa chini ambao fundi anaruhusiwa kuukaribia waya wenye volti za juu huzidishwa kadiri anavyopanda. Hadi mita 900 hauongezwi chochote. Kati ya mita 1,501 na 1,800 huzidishwa kwa 1.08. Kati ya 2,101 na 2,400 ni 1.14, na kati ya 2,701 na 3,000 ni 1.20. Nyongeza hiyo huhusu ule umbali wa kuzuia umeme usiruke, kisha juu yake huongezwa nafasi ya mkono kuteleza au mwili kuyumba. Fundi aliyehamishwa kutoka Voi hadi Kericho akaendelea kutumia vipimo alivyokariri Voi atakuwa amejikaribisha mahali asipotakiwa.

Wanyama nao wana mchango wao katika kuziba nafasi ambazo hewa ilitakiwa kuzilinda. Wakenya hawajasahau siku ya Juni 2016 ambapo tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alinusurika, jambo lililozua kicheko kote duniani. Panya wa kiwandani huwa hawana bahati hiyo, wala fundi anayefungua mlango ili kuona ni nini kilichonusa. Kuziba matundu ya kuingilia nyaya kwenye makabati ni kazi ya saa moja na gharama yake ni ndogo sana.

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kuzima umeme kabla ya kugusa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wafanyakazi wake, na hilo halitimizwi kwa kumwambia fundi "fanya haraka, wateja wanangoja". Umeme uzimwe, swichi ifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake anao fundi mwenyewe, kipimo kitumiwe kuthibitisha kwamba waya umekufa, kisha laini iunganishwe na ardhi kabla ya kazi kuanza. Kipimo chenyewe kijaribiwe kwanza mahali penye umeme na kijaribiwe tena baadaye, kwa sababu kipimo kilichoharibika huonyesha sifuri pia.

Pale ambapo haiwezekani kuzima, mambo mawili ndiyo yanayoamua fundi ataungua kiasi gani: muda na umbali. Joto analopokea huongezeka sambamba na muda wa mwako. Mwako uliokatwa baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde humpa sehemu moja tu ya kumi ya joto la mwako uliodumu sekunde nzima. Hii ndiyo sababu ile tabia ya kufunga kipande cha waya mnene mahali pa fyuzi iliyokatika ni sawa na kumtegea mtego fundi atakayekuja kesho. Tabia hiyo imeenea mno, na wanaoifanya ni watu wenye vyeti.

Mavazi yafuate. Shati la nailoni au poliesta huyeyuka na kugandamana na ngozi, na madaktari hulazimika kulibandua. Pamba nzito ni afadhali, na bora zaidi ni vazi lililotengenezwa kuhimili mwako, lenye kalori zake zimeandikwa, pamoja na kinga ya uso, ya masikio na glavu. Unapowasha swichi, simama kando ya mlango badala ya mbele yake, na uso uutazamishe kwingine.

Anayetaka kununua mtambo kwa matumizi ya nyanda za juu amwombe muuzaji maandishi yanayoonyesha mwinuko ambao mtambo ulijengewa, kisha ampe mwinuko wa mahali utakapofungwa. Simu nyingi za kisasa huweza kuuonyesha. Kazi ya kufunga ifanywe na fundi aliye na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Muuzaji akisema "hii inafanya kazi popote" bila karatasi, mwache na mtambo wake.

Na iwapo ajali imetokea, zima umeme kwanza kabla ya kumkaribia aliyeumia, la sivyo mtakuwa wawili. Nguo zinazowaka zizimwe. Mwite mtu alete gari au ambulensi huku wewe ukimwagia majeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ukimfunika sehemu nyingine za mwili, kwa kuwa baridi ya nyanda za juu huweza kumdhuru aliyelowa. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala yai. Vua pete na saa kabla mikono haijavimba, lakini nguo iliyogandamana na ngozi usiivute. Mpeleke hospitalini hata kama anatembea na kusema hana neno, kwani moyo na mapafu huweza kubadilika baada ya saa kadhaa, na umweleze daktari kwamba alichomwa na mwako wa umeme, ulikuwa wa volti ngapi, na kama aliwahi kuugusa waya.